Pengo la Kihori

"Zege linamwagwa Jumamosi ijayo, na habari za maabara zibaki huko huko maabara," alisema mwashi, na mafundi wake wakaanza kucheka kabla hajamaliza, maana ndivyo wanavyofanya mafundi bosi akitaka kuchekesha.

Mwanamke aliyechekwa alikuwa amesimama ukingoni mwa mtaro wa msingi, viatu vyake vya kazini vimeganda matope meusi hadi kwenye kamba. Mtaro ulikuwa wa nyumba yake. Yake na ya mumewe, kiwanja kimeandikwa majina yote mawili, baada ya miaka ya kupanga vyumba viwili vyenye bomba moja la kugombania na wapangaji wengine. Mwashi alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe. Nusu ya nyumba za mtaa ule alizijenga yeye, na hakuna aliyeruhusiwa kusahau jambo hilo.

"Shemeji, sikukatazi kumwaga zege," alisema yule mwanamke kwa adabu. "Ninachosema, tuchimbe tushuke zaidi. Udongo huu mweusi ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa. Tukikalisha nyumba juu yake, itapanda na kushuka nao mpaka ipasuke. Chini kuna changarawe ngumu. Jirani alipochimba choo tuliiona wote."

"Unapima udongo wa barabara wewe. Barabara na nyumba wapi na wapi?"

"Udongo ni ule ule."

"Nenda kaitazame nyumba yangu basi! Si imekaa juu ya udongo huu huu? Ina ufa? Nionyeshe ufa mmoja tu."

Hapo alikuwa amemkamata. Nyumba ya mwashi ilikuwa pambo la mtaa. Kila kiangazi ilipakwa rangi mpya, mwaka huu ya maziwa, mwaka jana ya machungwa, na waliopita walisimama kuitazama. Watu walisema huyu bwana anajipenda. Yule mwanamke naye aliwahi kusema hivyo hivyo.

Alimgeukia mumewe. Mumewe alikuwa kando ya rundo la kokoto, anakunjua na kukunja tena waya mfupi mkononi. Alikuwa fundi umeme, na kazi zake karibu zote zilitoka kwenye nyumba za kaka yake. Mtaani walimwita Tutaona, kwa sababu ukimuuliza neno lolote, la kuoa au la kununua chumvi, jibu lake lilikuwa hilo moja.

"Wewe unasemaje?" mkewe alimuuliza.

"Tutaona," alisema.

Mafundi wakacheka tena. Damu ikampanda mwanamke hadi masikioni.

"Haya," alimwambia shemeji yake. "Wewe unaamini jicho lako, sivyo?"

"Jicho langu tu. Nyinyi wa maabara mnapika mambo yenu mmejifungia, halafu mnatoka na karatasi eti tuamini."

"Basi sitapimia huko. Nitapimia nyumbani kwangu, sebuleni, dirishani. Anayetaka kuona aje aone. Nitajaza udongo huu kwenye kihori, kile kichombo chetu cha kupimia, mpaka pomoni, kutoka ncha hadi ncha. Ukikauka, pengo litakaloonekana ndilo udongo ulivyosinyaa. Hakuna karatasi hapo."

Mwashi alijikuna kidevu. Alipenda mashindano, hasa yenye watazamaji. "Likionekana pengo la kuingia kidole changu hiki, nachimba mpaka utakapotaka wewe. Lisipoonekana, unanyamaza. Sitaki kusikia sauti yako hapa kiwanjani mpaka paa likae. Umekubali?"

"Nimekubali."

"Haya, Mama Udongo!" alisema mwashi kwa sauti ya kusikika na kila mtu, na jina likanasa hapo hapo.


Kihori chenyewe kilikuwa kitu kidogo cha shaba, kinaenea kiganjani, kimepinda kama bomba lililopasuliwa kwa urefu na kuzibwa ncha zote mbili. Asiyekijua angedhani ni cha kunyweshea vifaranga maji. Mkuu wa maabara alimruhusu achukue kimoja cha zamani kilichobonyea ukingoni, akamwambia akimaliza akirudishe kikiwa safi.

Jumamosi hiyo hiyo Mama Udongo aliutwanga udongo wa mtaroni, akauchekecha, akaukanda na maji, akauacha unywe mpaka kesho yake. Jumapili mchana akaketi mezani kuujaza. Mama mkwe wake alivuta kigoda karibu. Bibi huyu aliishi kwa mwanawe mkubwa, ila wiki hiyo alikuwa amekuja kukaa na mdogo. Maisha yake yote alifinyanga majiko ya mkaa, na kwa majiko hayo aliwalea wanawe wawili baada ya baba yao kufariki. Sasa macho yalikuwa yamepungua lakini vidole bado vilikuwa na akili zao.

"Unapaka nini humo ndani?" aliuliza.

"Grisi, mama. Udongo usishike kwenye shaba. Ukishika, unakatika katikati badala ya kujivuta."

"Mh." Bibi alitazama mkwewe akishindilia udongo kwa kisu kipana, akikigonga kihori mezani taratibu ili mapovu yatoke, akigonga tena, akisawazisha uso hadi ukawa laini kama kioo. "Unajua kukanda wewe. Mikono yako si ya ofisini."

Mama Udongo alicheka. Ilikuwa sifa ya kwanza aliyoisikia tangu jana, akaipokea kama mtu aliyepewa maji ya kunywa.

Binti yao wa shule ya msingi alisogea, akanyoosha kidole. Bibi akakipiga kofi kile kidole kabla hakijafika.

"Ndiyo hivyo hivyo, mama," alisema Mama Udongo. "Mimi natoka alfajiri, narudi jioni. Naomba unitunzie hiki. Kisipigwe jua kali, mtoto asikichezee. Kisiharibike tu, mama. Nyumba yetu yote iko humu."

"Ondoa wasiwasi, mwanangu. Mimi na udongo tunajuana."

Mumewe alikuwa mlangoni, anafunga kamba za viatu ili aende kwa kaka yake. Alikitazama kihori, akamtazama mkewe.

"Na likikosekana pengo?"

"Litakuwepo."

"Nimeuliza likikosekana."

"Na mimi nimekujibu."

Hakusema tutaona. Alitoka kimya, jambo ambalo kwa mkewe lilikuwa baya zaidi.


Wiki ile haikuwa na huruma. Jumatatu, Mama Udongo alipita dukani kununua misumari aliyoagizwa na mumewe, na muuza vifaa, mtu ambaye hawakuwahi kuzungumza zaidi ya bei, akamuuliza, "Keki ya udongo imeiva?" Wanunuzi waliokuwa kwenye foleni wakageuka kumtazama. Jumanne, alipopita kiwanjani kuwapelekea mafundi chai, mmoja alichota udongo kwa koleo, akaunusa, akasema, "Huu haujakolea chumvi." Aliwamiminia chai yao wote, na yule wa koleo akammiminia kikombe kilichojaa, akimtazama usoni mpaka fundi akainamisha kichwa. Chai haikumwagika hata tone.

Kila jioni alipofika nyumbani alikwenda dirishani hata kabla ya kuvua viatu. Kila jioni udongo ulikuwa umejaa kutoka ncha hadi ncha.

Siku ya kwanza hakushangaa, bado ulikuwa mbichi. Siku ya pili alijiambia kwamba hali ya hewa ina unyevu. Siku ya tatu aliushika kwa kidole, ulikuwa umeanza kuwa mgumu, na bado hapakuwa na pengo. Alikaa kwenye kochi na mkoba wake begani.

"Mbona umekaa hivyo?" bibi alimuuliza kutoka jikoni.

"Nimechoka tu, mama."

"Kitu chako kizima, usijali. Nakiangalia."

"Nimekiona, mama. Asante."

Alianza kujihukumu. Pengine alichota udongo mahali pasipofaa, penye mchanga. Pengine alikosea maji. Alikumbuka barabara zote alizozipimia, udongo wote mweusi uliopita mikononi mwake, namna ulivyojivuta ndani ya vihori na kuacha nafasi kubwa kama meno yaliyong'oka. Sasa huu wa kwake, wa nyumba yake mwenyewe, ulikuwa unamtazama bila kupungua. Alhamisi alikibeba kihori kazini, mkuu akamruhusu kukiweka kwenye tanuri kando ya sampuli za barabara, ukauke kabisa usiwe na kisingizio.

Ijumaa alikitoa. Pembeni palikuwa na mwanya wa kupita ukucha tu. Basi.

Alikifunga kwa gazeti akarudi nacho nyumbani, na mumewe aliuona uso wake akajua.

"Hakuna," alisema Mama Udongo.

"Hakuna kabisa?"

"Ukucha. Wala si kidole."

Mume alikaa.

"Basi, mke wangu," alisema. "Ulikubali mbele za watu. Kesho uwe mpole, uombe radhi, kaka atafurahi, tutaendelea na maisha."

"Niombe radhi kwa lipi?"

"Kwa... kwa kumpinga."

"Nilimpinga kwa sababu udongo ule unasinyaa."

"Umeupima mwenyewe haukusinyaa!"

"Najua nilichokipima!" Alipaza sauti mpaka binti yao akachungulia. Akaishusha. "Najua. Kesho nitakwenda, nitakionyesha hadharani, nitanyamaza kama nilivyoahidi. Lakini radhi siombi. Hiyo usinitegemee."

Bibi alikuwa chumba cha pili akikunja nguo. Masikio yake yalikuwa hafifu kama macho. Alisikia kwamba kuna ugomvi, hakusikia wa nini, akaamua wa mume na mke si wake.


Jumamosi mashine ya kuchanganyia zege ilikuwa inanguruma tangu asubuhi. Mwashi alivaa shati jeupe kiwanjani, jambo ambalo hakulifanya ila siku za ushindi. Jirani wawili watatu walikuwa wamesogea wakijifanya wanapita. Bibi naye alikuja, ameshikwa mkono na mjukuu wake, kwa kuwa alitaka kuona msingi wa nyumba ya mwanawe mdogo ukimwagwa.

"Zima mashine!" mwashi aliamuru. "Leteni keki tuione."

Mama Udongo alilifungua gazeti. Akakiweka kihori juu ya tofali.

"Haya, shemeji. Tazama kwa jicho lako."

Mwashi aliinama, akafumba jicho moja kama mpiga picha. Akakinyoosha kidole cha shahada, akakibonyeza ukingoni, kikakataa kuingia. Akajaribu kidole kidogo, nacho kikakataa. Akawageukia mafundi wake, kidole kikiwa bado kimeinuliwa juu.

"Hata cha mtoto hakiingii!"

Kicheko kilichotoka pale kilisikika hadi barabarani. Fundi wa chai, yule wa Jumanne, ndiye aliyecheka kuliko wote. Mumewe Mama Udongo alitazama chini.

"Tulisemaje, Mama Udongo?"

"Tulisema ninyamaze."

"Basi?"

"Basi nanyamaza." Na akafunga mdomo.

Bibi hakuwa amefuatilia vizuri, lakini kucheka aliona, na aliona mkwewe anachekwa. Hilo halikumpendeza hata kidogo. Alijivuta mbele, akakiokota kihori kutoka kwenye tofali, akakigeuza geuza.

"Mnamcheka nini mwenzenu? Si kizima hiki? Mimi mwenyewe nimekitunza. Kila asubuhi akishaondoka nakikuta kimejivuta pembeni, najua kitapasuka hiki, mtoto wa watu atalia. Nachukua udongo uliobaki bakulini, nachanganya na majivu kidogo kama wa jiko, nakijazia. Kesho kimejivuta tena, nakijazia tena. Nikakipaka juu mpaka huoni kiungo. Tazameni, ni kazi mbaya hii?"

Koleo la mtu liliteleza kwenye rundo la mchanga.

"Mama," alisema Mama Udongo, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Umekijazia?"

"Si ulisema kisiharibike?"

Jamani, mwanamke yule hakujua acheke au alie. Miaka yote bibi yule alipokausha majiko kivulini, likitokea pengo ni kasoro, unaliziba mara moja kabla mnunuzi hajaona. Nani angemlaumu? Kwake yeye, kutunza udongo ndiko huko. Mama Udongo alikichukua kihori mikononi mwa mkwewe, akaupindua udongo ukatoka mzima, akaushika kwa mikono miwili akauvunja juu ya tofali. Katikati ulikuwa mweusi tititi. Kwenye ncha zote mbili ulikuwa na rangi ya kijivu, tabaka juu ya tabaka, majivu matupu.

Aliinua vile vipande vya kijivu, akavipanga pamoja kiganjani mwake.

"Shemeji, lete kidole chako."

Mwashi hakukileta. Haikuhitajika. Kila mtu aliona kwamba vile vipande vilikuwa vinene kuliko kidole chake, tena na nafasi ya kubaki.

"Ni mchezo huo," alisema mwashi. Uso ulikuwa umemwiva. "Mama amekiharibu, basi hakuna kipimo, hakuna ahadi. Kila mtu arudi kazini. Washa mashine!"

"Hammwagi," alisema Mama Udongo.

"Ulisema utanyamaza!"

"Nilisema ninyamaze pengo lisipokuwepo. Lipo. Hammwagi zege hapa." Na kabla mtu hajajua anataka nini, alishuka mtaroni. Alishuka na viatu vyake vizuri vya Jumamosi na gauni lake la kutokea, akatua chini, matope yakampanda hadi vifundoni. Akakunja mikono kifuani. "Mwageni sasa. Nimwagieni mimi."

Mashine iliguruma kidogo ikazimwa tena. Aliyeizima hakungoja kuamriwa.

"Mtoe mkeo huko," mwashi alimwambia mdogo wake kwa sauti ya chini, ile ya hatari. "Mtoe, la sivyo Jumatatu usije kwangu. Usije kabisa. Tuone hizo nyaya utazitandaza wapi."

Wote walimtazama fundi umeme. Kila mtu pale alijua atakachosema, mafundi walikuwa wameshaanza kutabasamu wakiingoja tutaona yake. Yeye alikuwa anamtazama mkewe mle shimoni.

Bibi ndiye aliyetangulia.

"Wewe," alimwambia mwanawe mkubwa, "kwani wewe kila kiangazi unafanya nini?"

"Mama, haya hayakuhusu."

"Nakuuliza. Kabla ya hao wapaka rangi kuja. Unapozunguka nyumba na ndoo yako ya saruji alfajiri, watu hawajaamka. Unajaza nini?"

"Mama!"

"Kwenye chumba ninacholala mimi, ukutani nyuma ya kitanda, napitisha kiganja. Mwaka jana umeziba, mwaka huu umeziba, na upepo naupata. Mimi nilidhani ndivyo nyumba zinavyotunzwa. Nimekijazia kitu cha huyu mtoto kama wewe unavyoijazia nyumba yako, hatukutofautiana. Ila mimi sikujua." Alivuta pumzi. "Wewe unajua."

Jirani mmoja, mwenye nyumba aliyojengewa na mwashi miaka miwili iliyopita, aligeuka polepole akatazama upande wa kwake. Shati jeupe la mwashi lilikuwa limelowa mgongoni.

Hapo ndipo fundi umeme aliposhuka mtaroni. Alishuka vibaya, akateleza, akamshika mkewe bega ili asianguke, na hakuliachia.

"Kaka," alisema. "Nakuheshimu. Umenilea, umenipa kazi, sijasahau. Lakini nyumba hii ni yetu. Hatumwagi."

"Umesemaje?"

"Hatumwagi," alirudia.

Mwashi alipiga teke tofali. Akawaita mafundi wake, wakafunga mashine nyuma ya gari lao, wakaondoka na koleo zao na toroli zao zote. Walibaki mume, mke, mtoto, bibi, na mtaro.

"Jumatatu utakwenda wapi?" mke aliuliza.

"Sijui," alisema mumewe. Alikuwa anaogopa, na alionekana anaogopa, lakini alikuwa amesimama palepale. "Una jembe nyumbani?"


Walichimba wenyewe. Jioni baada ya kazi, Jumamosi na Jumapili kutwa, Mama Udongo na mumewe, na mara nyingine jirani yule mwenye nyumba ya miaka miwili, aliyekuja bila kuitwa na bila kueleza sababu. Fundi umeme alipata vibarua vya hapa na pale, kurekebisha swichi na pasi za watu. Kuna siku hakupata kitu. Walikula walichokuwa nacho na kuchimba. Malengelenge yalimtoka Mama Udongo viganjani, akaenda nayo kazini, na mkuu wake alipouliza akasema, "Napima udongo." Jina lile la mwashi lilikuwa bado linamfuata mtaani. Sasa aliliitikia.

Na dirishani palikuwa na kihori. Alikijaza upya, mbele ya familia yote, akampa bibi maelezo tena, moja baada ya jingine: hiki ni cha kuachwa. Kijivute kinavyotaka. Kikipasuka, kipasuke. Bibi alikubali, lakini ilimtesa. Alikaa kwenye kochi ameikalia mikono yake yote miwili, akikitazama kile kipande cha udongo kinavyojitenga na shaba siku hata siku.

"Mikono inaniwasha," alisema.

"Vumilia, mama."

"Navumilia. Hivi huwezi kunipa hata cha kumenya?"

Mwashi alikuja siku kihori kilipotoka kwenye tanuri. Alisema amekuja kumchukua mama yake, chumba chake kipo wazi. Hakuvaa shati jeupe. Hakukaribishwa kukaa na hakukataliwa, akasimama katikati ya sebule, kofia mkononi, macho yakienda kila mahali isipokuwa dirishani. Mwishowe yakafika.

Alisogea. Pengo lilikuwa wazi, shaba inang'aa humo ndani kwa grisi. Alinyoosha kidole cha shahada akakitia. Kiliingia. Akakizungusha, hakikugusa udongo.

Alibaki amesimama hivyo, kidole ndani ya kihori. Mdogo wake alikuwa mlangoni, jembe begani. Kisha, kwa mazoea tu ya mtu aliyeziba nyufa maisha yake yote, mkono wake wa pili ulikwenda kwenye bakuli la udongo mbichi lililokuwa kando, ukachota.

Bibi alimpiga kofi mkononi kama alivyompiga mjukuu wake.

"Usijaze," alisema. "Acha lionekane."

Udongo ulidondoka sakafuni. Mwashi aliutazama, akafuta vidole kwenye suruali. Alitazama malengelenge ya shemeji yake, akatazama kando haraka.

"Changarawe," alisema kwa taabu, "mmeshaifikia?"

"Bado," alisema Mama Udongo. "Jembe la pili liko nje ya mlango."